Namna ya kumfanya jirani yako ajilinde wakati wa mlipuko

Mbukwenyi, ndugu zangu.

Mimi ni fundi cherehani katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, upande wa njia ya Mvumi, na tangu mwaka 2012 ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kaya zangu ni 84, na zote nazifikia kwa miguu. Haya nayaandika kwa ajili ya wahudumu wapya na kwa yeyote aliyebebeshwa kazi ya kuwaambia wenzake wajilinde: balozi wa nyumba kumi, mwalimu, mwenyekiti wa kikoba, katekista, imamu, msimamizi wa stendi.

Kilichonisukuma kuandika ni jambo la Januari 2025. Tarehe 20 mwezi ule Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa hapa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitishwa Biharamulo, mkoani Kagera. Biharamulo ni mbali, lakini mabasi na malori ya Kanda ya Ziwa yanapita Dodoma kila siku, kwa hiyo tuliambiwa tujiandae. Nikapewa vijana wawili wapya nitembee nao. Nyumba ya kwanza tu, mmoja akaanza: "Mama, huu ugonjwa unaua. Ukikupata unatokwa damu." Mwenye nyumba alikuwa anapepeta uwele. Hakusimamisha ungo. Akasema, "Haya, tumesikia," tukaaga. Hakuuliza swali hata moja. Pale nilijiona mimi mwenyewe wa mwaka 2020.

Hofu peke yake humfunga mtu masikio

Tarehe 16 Machi 2020 ndipo Wizara ya Afya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini. Kesho yake Serikali ikatangaza kufunga shule. Mimi nikajifunga khanga na kuzunguka kijiji kizima nikitaja vifo vya Italia na China. Niliamini kwamba mtu akiogopa vya kutosha atanawa.

Nilifika kwa mzee mmoja anayetengeneza na kupiga zeze, mtu anayeheshimika sana kwetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia: "Mwanangu, mimi nimezika watoto watatu na njaa nimeziona kwa macho yangu. Kama umekuja kunitisha, umechelewa." Akainama, akaingia ndani ya tembe lake. Niliondoka nimekasirika, nikamwona mbishi.

Miaka miwili baadaye, kwenye mafunzo, mkufunzi wetu alitueleza kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Ronald Rogers, aliyeiandika mwaka 1975 na kuiongezea mwaka 1983. Kwa maneno ya mkufunzi, kila mtu anapoambiwa kuna hatari hupima kwenye mizani mbili. Ya kwanza ni ya hatari: ni nzito kiasi gani, na inaweza kunifika mimi? Ya pili ni ya uwezo: hicho ninachoambiwa nifanye kinasaidia kweli, nakiweza, na kitanigharimu nini? Ukijaza mizani ya kwanza ukaiacha ya pili tupu, mtu hakimbii ugonjwa. Anakukimbia wewe na maneno yako. Atasema ni mipango ya Mungu, au ni ugonjwa wa wazungu, au atanyamaza na kuendelea kupepeta uwele. Yule mzee wangu hakuwa mbishi. Nilimjazia mizani moja ambayo tayari ilikuwa imejaa tangu ujana wake.

Kuna jambo la pili nililolijua kwa kuishi. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei 2020 hesabu ya taifa ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na baada ya hapo zaidi ya mwaka ukapita bila takwimu mpya kutoka. Watu wa kijijini walipimaje hatari? Kwa misiba. Pakipita mwezi bila msiba mtaani, Korona imekwisha. Pakitokea mitatu wiki moja, ndoo zinarudi milangoni. Kwa hiyo usimlaumu mtu aliyelegea. Mwulize ameona nini kwa macho yake, kwa sababu hicho ndicho anachokipimia.

Kabla ya kusema, uliza

Nenda bila bango. Ukiingia na karatasi mkononi, mtu anaona ofisi, na ofisi hujibiwa "ndiyo" ili iondoke haraka.

Salimia kwa utaratibu wa kwetu. Salamu ya Kigogo ni ndefu: mmeamkaje, mvua huko imefika, ng'ombe wanakunywa wapi, yule mtoto aliyekuwa na homa. Usiikate. Nusu ya unachokitafuta kimo humo. Kisha uliza swali moja, nami naliuliza hivihivi kila nyumba: "Hapa nyumbani, mkipata mgonjwa, ni nani ambaye mtahangaika naye zaidi?" Ukishauliza, nyamaza. Ukimya ule ni mgumu kwa mhudumu mpya, anataka kuujaza. Usiujaze.

Kijana mmoja wa bodaboda alinijibu, "Mimi nipo peke yangu mama, sina mtu wa kuhangaika naye."

"Anayekupikia nani?"

"Mama mdogo."

"Anaendeleaje?"

"Ana sukari." Akawa anauzungusha ufunguo wa pikipiki kidoleni. Baadaye akasema mwenyewe, "Kwa hiyo mimi ninayebeba watu wa kila aina ndiye ninayeweza kumpelekea."

Sikuongeza neno. Wiki ileile niliona chupa ya maji ya sabuni imefungwa kwenye pikipiki yake. Alikuwa ananawa yeye, na abiria wake anawamiminia. Kama ningemwambia "vijana nanyi mnaweza kuugua", angenijibu kwamba yeye ana nguvu. Na kweli alikuwa na nguvu.

Sababu hutofautiana kuliko unavyodhani. Kwa bibi anayelea wajukuu, ni nani atawalea. Kwa mama mjamzito, ni tumbo. Kwa mkulima, na hapa nawaomba wahudumu wa Dodoma wanisikilize vizuri, sababu kubwa kuliko zote ni msimu. Kwetu mvua ni moja kwa mwaka, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na wiki za kupanda ni chache. Mtu akilala kitandani wiki mbili za kupanda, amepoteza chakula cha mwaka mzima. Nilipoanza kusema, "Baba, ukiugua Januari nani atakupandia uwele?" wanaume ambao hawakuwahi kunitazama usoni walianza kuuliza sabuni inauzwaje. Maneno hayo mwezi wa saba, mavuno yakiwa ghalani, hayana kazi. Mwezi wa saba zungumzia mnada na ngoma, maana ndiko watu wanakojazana.

Nina daftari la mistari lenye safu mbili tu: namba ya kaya na sababu. "Kaya ya 31: mjukuu mwenye pumu." "Kaya ya 56: hataki kufunga genge." Simwandikii mtu kama ameugua au hajaugua, na daftari linalala chini ya cherehani yangu, halisomwi na mwenyekiti wala mtendaji. Watu wakijua unaandika ili kupeleka, hutapata sababu tena. Utapata majibu.

Kisha mpunguzie kazi

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapokimbia kwa sababu inachosha mikono.

Kunawa kwa sabuni kwa sekunde 20 ni rahisi ukiwa na bomba. Kwetu Septemba na Oktoba maji tunanunua kwa wenye punda, ndoo ya lita 20 shilingi 500. Ukimwambia mama anawe mikono mara kumi kwa siku, kichwani kwake anaona ndoo inaisha. Usibishane naye. Mwonyeshe.

Mimi nilifanya hivi. Nilichukua chupa ya nusu lita, nikatoboa kifuniko kwa sindano ya kushonea magunia, nikajaza maji mbele ya akina mama waliokuwa wanasubiri kliniki. Nikaita watoto. Kila mmoja analowanisha, anapakwa sabuni, anasugua mpaka nimalize kuhesabu 20, anasuuza. Walinawa watoto tisa kabla ya chupa kuisha. Mama mmoja alichukua chupa akaitazama juu ya jua kana kwamba nimeficha maji mengine ndani. Kutoka siku ile swali la "maji tutatoa wapi" lilipungua sana, kwa sababu wamehesabu wenyewe.

Mkoa wetu ulishafundishwa jambo hili zamani kwa macho ya watoto. Wilayani Kongwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walifanya kazi miaka mingi juu ya trakoma, ule ugonjwa wa vikope unaopofusha. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 1995 ulilinganisha vijiji vilivyopewa dawa ya macho peke yake na vijiji vilivyopewa dawa pamoja na uhamasishaji wa nguvu wa kuwaosha watoto nyuso. Kwenye vijiji vya uhamasishaji nyuso safi zilikuwa nyingi zaidi, na trakoma kali ilikuwa pungufu. Kongwa ni kukavu kama kwetu. Kwa hiyo mtu akikuambia Wagogo hawawezi kunawa kwa sababu hakuna maji, mjibu kwa adabu kwamba Kongwa waliweza.

Sasa kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia linaloinamishwa kwa mguu. Tafuta dumu la lita 5 lenye kifuniko. Pasha msumari moto, toboa tundu moja dogo upande wa mbele, mkabala na mshikio, kama upana wa kiganja chini ya mdomo. Toboa na kifuniko katikati, pitisha kamba, fundo libaki ndani. Simika miti miwili yenye panda, laza fimbo juu yake ikipita kwenye mshikio wa dumu. Ncha ya chini ya kamba ifunge kwenye kijiti cha kukanyagia. Jaza maji yaishie chini kidogo ya tundu. Ukikanyaga kijiti dumu linainama, maji yanachirizika, ukiachia, linarudi. Mkono haugusi chochote, na maji hayapotei. Chini weka kokoto, la sivyo panakuwa tope na watoto watapakimbia.

Sabuni ndiyo inayosumbua. Kata mche wa sabuni vipande vidogo, toboa kipande kwa msumari moto, ning'iniza kwa kamba, na juu yake funika kopo la maziwa lililotobolewa ili jua lisiipasue na mvua isiiyeyushe. Kunguru huiba sabuni, na mbuzi hutafuna kamba. Kwa hiyo kaya nyingi tumehamia maji ya sabuni: kijiko cha sabuni ya unga ndani ya chupa ya lita moja na nusu, tikisa, toboa kifuniko. Inakaa siku nyingi na hakuna mnyama anayeitaka. Mahali ambapo sabuni imekwisha kabisa, majivu safi ya jikoni hufaa kuliko maji matupu.

Kibuyu chirizi ukiweke wapi? Usimwachie mwenye nyumba aamue kwa uzuri wa ua. Simama naye, tazama njia anayopita kutoka chooni kwenda jikoni, na kisimamishe katikati ya njia hiyo kiasi kwamba akitaka kukikwepa itabidi azunguke. Nilikisimamisha kimoja nyuma ya nyumba kwa sababu kulikuwa na kivuli. Miezi mitatu baadaye nilikuta dumu lina utando wa buibui. Tulikihamisha hatua kumi na mbili tu, na kikaanza kutumika.

Zungumza pia na anayenunua maji. Mara nyingi mama ndiye anayegawa, lakini baba ndiye anayetoa hela ya punda. Ukimshawishi mama peke yake, umemwachia ugomvi.

Heshima ya mtu kwenye barakoa

Mwezi wa nne 2020 nilishona barakoa mpaka usiku, za vitambaa vya rangi moja nilivyopewa bure. Watu walizipokea kwa mikono miwili wakaziweka kabatini. Kwenye daladala walizivaa wakikaribia mjini tu, enzi zile za levo siti, abiria wote wakae na asisimame mtu, kisha zikarudi mfukoni. Mtu mzima hapendi kuonekana amevishwa kitu.

Kilichobadilisha ni kwaya. Mwalimu wa kwaya ya kanisani kwetu aliniletea mabaki ya kitenge cha sare yao akaniomba nishone barakoa 22, zilingane. Nilishona za tabaka mbili, ndani pamba nyeupe ya shuka, na badala ya lastiki nikaweka kamba za kufunga kisogoni, kwa sababu lastiki inauma masikio ya mtu anayevaa saa nyingi. Jumapili ile waliingia wanaimba wamezivaa wote. Jumatatu asubuhi walikuja watu sita kwenye baraza langu, kila mmoja na kipande chake cha kitenge, na walilipa. Shilingi 1,000 moja, na hakuna aliyeomba punguzo. Kilekile nilichokuwa nagawa bure kikaachwa, walikitaka walipokichagua wenyewe na walipowaona watu wanaowapenda wamekivaa.

Basi, mhudumu, usianze na wakaidi, na wala usianze na waoga. Anza na wale wanaotazamwa: kwaya, timu ya mpira, kikundi cha ngoma ya muheme, mama anayepika kwenye misiba yote.

Kubali sababu ambayo si yako

Tuna kilabu cha pombe ya mtama, na watu hunywa kwa kata moja inayozunguka. Nilikwenda pale mara tatu kuzungumzia mate na virusi. Walinisikiliza kwa heshima, na kata ikaendelea kuzunguka.

Mara ya nne sikuzungumza na wanywaji. Nilikaa na mama mwenye kilabu, wakati anachuja, nikamwuliza swali langu lilelile. Akasema hana hofu na ugonjwa, hofu yake ni kilabu kufungwa, maana kinasomesha watoto wake wawili. Kwa sababu hiyo aliweka sharti: kila mteja aje na kikombe chake, na asiye na kikombe hapimiwi. Kwa wiki moja walilalamika. Wiki ya pili mmoja alichora ng'ombe kwenye kikombe chake kwa rangi ya mlango, mwingine akachora kofia, na mpaka leo vikombe vinaning'inia ukutani pale, kila kimoja na mwenyewe. Mimi nilitaka wafanye kwa ajili ya afya. Wao walifanya kwa ajili ya ada ya shule na kikombe chenye alama. Mate hayakuchanganyika tena, na hilo ndilo nililokuwa nalitafuta.

Chanjo: watano watano

Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia alichanjwa hadharani na kuzindua chanjo ya UVIKO-19. Shehena ya kwanza, zaidi ya dozi milioni moja za Janssen, ilikuja kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawia nchi chanjo. Kila mtu alichomwa dozi moja tu, na kwa mtu anayetembea saa mbili kufika zahanati hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko maelezo yote ya kisayansi.

Lakini maneno yalikuwa mengi: inaleta utasa, ndani mna mashine, utakufa baada ya miaka miwili. Usicheke. Ukicheka umemdhalilisha, na aliyedhalilishwa hashawishiki. Uliza: "Umelisikia kwa nani?" Kisha: "Katika hayo, lipi hasa linakuogopesha?" Mara nyingi ukifika swali la pili utakuta jambo dogo lenye jibu, kama vile "nanyonyesha" au "nina presha". Linalokuzidi, mpeleke kwa mganga wa zahanati, tena mwende pamoja.

Usiahidi kwamba hakuna maumivu. Mimi nilichanjwa na usiku ule nikapata homa, mkono ukauma siku mbili. Nililisema wazi kila nyumba. Mhudumu wa kitongoji jirani aliwaambia watu hawatasikia kitu, na wa kwanza alipopata homa, waliobaki walikataa. Mtu aliyeambiwa mapema kuhusu homa, homa ikija anasema "ndiyo hiyo mama alisema", anakunywa maji, analala.

Sasa jambo ambalo lilinigharimu. Chupa moja ya Janssen ilikuwa na dozi tano, na ikishafunguliwa inatakiwa iishe ndani ya saa chache. Kituo kimoja nilichokuwa napeleka watu kilikuwa hakifungui chupa mpaka watu watimie. Nilimshawishi bibi mmoja kwa wiki tatu. Siku alipokubali alitembea mpaka pale, akaambiwa yuko peke yake, arudi kesho. Hakurudi, na mimi sikuwa na uso wa kumwomba tena. Baada ya hapo nilibadilisha mtindo: simpeleki mtu, napeleka watano. Nachagua majirani wanaosalimiana, napiga simu kituoni kuuliza kama chanjo ipo, na siku ya kwenda naongozana nao. Watano wana faida nyingine niliyoigundua njiani. Mmoja akisita, wanne wanamsubiri, na wakirudi kijijini kuna mashahidi watano wa kitu kimoja.

Ulipokuja Mpango Shirikishi na Harakishi, chanjo ikaanza kuwafuata watu minadani na mashambani, na kazi yetu ikawa nyepesi. Kuna baba aliyekataa mara nne kwenda zahanati, akachanjwa mnadani akiwa ameshika kamba ya mbuzi. Hakuwa amebadili mawazo siku ile. Zahanati ndiyo ilikuwa mbali.

Machache ya kuangalia

Nyungu usipigane nayo. Watu walijifukiza kwa mwarobaini na mchaichai, na kwa wengi ilikuwa ndiyo njia yao ya kusema "nami nafanya kitu". Sema ukweli kwamba mvuke hauui virusi vilivyo mwilini, kisha shughulikia hatari mbili: maji ya moto karibu na watoto, na watu wanne kujifunika blanketi moja wakivuta pumzi ileile.

Usimtangaze mgonjwa. Kaya moja kwetu ilitajwa kwenye mkutano, kwa nia njema kabisa, kwamba ina mgonjwa. Watu wakaacha kuchota maji kisima kimoja nao. Baada ya hapo kwa miezi sikusikia kikohozi mahali popote. Nikifika, mtu anakohoa ndani na mlangoni naambiwa wamesafiri. Hilo lilikuwa kosa baya kuliko yote tuliyofanya.

Na kila ugonjwa una ujumbe wake. Marburg hauambukizi kama Korona. Unapita kwenye majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, kwa hiyo mazungumzo yake ni kumhudumia mgonjwa, kuosha maiti, na kutoa taarifa mapema, na namba 199 ya Wizara ya Afya ni ya bure. Ukibeba maneno ya barakoa kwenye Marburg, umewachosha watu bila faida. Mlipuko ule ulitangazwa kuisha tarehe 13 Machi 2025, na nilirudi nyumba zote kuwaambia. Watu huambiwa vitu vinapoanza. Hakuna anayerudi kuwaambia vimekwisha, na ndiyo maana mara ya pili wanachelewa kuamini.

Yule mzee wa zeze nilirudi kwake mwaka 2021, safari hii bila bango, na salamu tukaimaliza yote. Nilipouliza swali langu alinyamaza muda mrefu, kisha akamwita mjukuu wake wa miaka saba. "Huyu ndiye anayejifunza. Nyimbo alizozishika ni chache. Zilizobaki ziko kwangu." Alikuwa mmoja wa watano wangu wa kwanza, na aliomba kibuyu chirizi chake kiwekwe chini, mtoto afikie, kwa hiyo fimbo tuliilaza kwenye panda za futi mbili. Mwaka huu nilipopita nilikuta wamekata miti mipya. Mtoto amerefuka, walikuwa wanaipandisha fimbo.